Mtutu uliotoka kwenye paa la tembe Mpwapwa: ni wa lini, na una bei gani?

Marahaba mwanangu. Nimesoma swali lako na picha zako nimezikuza mpaka mwisho wa simu, sasa ntajibu kwa kirefu maana naona hapo kwenu watu wameshaanza kukuzunguka kama nzi.

Kwa ambao hawajaona swali lenyewe: huyu kijana yuko upande wa Mpwapwa, walikuwa wanabomoa tembe la marehemu babu yake ili wainue nyumba ya bati, juu kwenye paa katikati ya boriti na fito wakakuta kipande cha chuma kimeviringishwa kwenye ngozi ya mbuzi. Ni mtutu mfupi, sentimita 23, nyuma una pande nane alafu kuelekea mdomoni unakuwa wa mviringo, upana wa ndani mdomoni kama milimita 17. Nyuma umezibwa na skrubu nene yenye mkia uliovunjika. Ubavu wa kulia kuna tundu ambalo penseli inaingia na ndani yake anaona nyuzi za skrubu. Ubavu wa kushoto kuna alama ya umbo la yai lenye herufi E, L, G na kinyota, pembeni yake kuna kataji kadogo juu ya herufi anayoisoma S. Mbao hamna, mtambo wa kufyatulia hamna. Jirani anasema bastola ya Mjerumani, jamaa mmoja wa mjini kaahidi milioni tatu ila kwanza ufunguliwe aone kama kuna "mekyuri", na fundi welding kasema ataupasha moto ile skrubu ya nyuma itoke yenyewe. Swali ni kitu gani hiki, cha lini, na auze bei gani.

Tuanze na fundi welding. Mwambie aendelee na mageti yake, huo mtutu asiuguse. Silaha ya kushindilia inajazwa kwa mdomoni, inaanza baruti, inafuata kizibo cha kitambaa au nyuzi, alafu risasi, vyote vinasukumwa na mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka nyuma kabisa, na haina sehemu ya kufungua ukachungulia kama bunduki za siku hizi. Wazee wengi walikuwa wanaiacha imejaa kabisa juu ya paa, fisi akija zizini au mwizi wa ng'ombe akija usiku hamna muda wa kuanza kumimina baruti. Mwenye nayo anafariki, watoto hawajui, mzigo unabaki mle mle. Na baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi. Januari 2013 pale New York walikuwa wanasafisha kutu kwenye mzinga wa karne ya 18, mali ya bustani ya Central Park, ndani wakakuta karibu gramu 800 za baruti pamoja na tufe lake, polisi wakaitwa, na ile baruti bado ilikuwa na uwezo wa kuwaka. Mzinga umekaa miaka zaidi ya mia mbili! Sasa wewe una chuma kilichokaa kwenye paa la tembe la Kigogo, sehemu ambayo mvua ni miezi michache na moto wa jikoni unaikausha kila siku, alafu mtu anataka kukipiga gesi.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Tafuta ufito wa mti ulionyooka, mwembamba kuliko mdomo wa mtutu, usitumie nondo wala spoku. Laza mtutu chini, mdomo uelekee kwenye ukuta wa udongo au tuta, wewe kaa ubavuni na watoto watoke kabisa. Ingiza ufito polepole mpaka ugote, weka alama ya kucha pale mdomoni, utoe, alafu uulaze kwa nje sambamba na mtutu ile alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ya ufito ikifika usawa wa lile tundu la pembeni, yaani umeingia sentimita 20 na kitu, mtutu ni mtupu. Ikigota sentimita nne tano kabla ya tundu, kuna kitu. Inaweza kuwa kiota cha nyigu au udongo, lakini inaweza kuwa mzigo pia, kwaiyo uhesabu ni mzigo. Hapo usichokoe na msumari, mimina maji kwenye lile tundu mpaka yajae, uache na maji yake, utoe taarifa polisi. Tundu lako kwa bahati ni kubwa, unaweza hata kupiga tochi ukaona ndani. Ukiona punje nyeusi zinazong'aa kidogo kama makaa yaliyosagwa, usiendelee.

Hilo la mekyuri, yaani hiyo zebaki nyekundu wanayoitafuta, nalimaliza haraka. Zebaki nyekundu haipo, haipo kwenye gobore, haipo kwenye cherehani ya zamani, haipo kwenye redio ya bibi, ni utapeli uleule wa rupia za Mjerumani ambao umewafanya watu wachimbe mashimo kuzunguka kila boma la zamani kuanzia Kilimatinde mpaka Kondoa. Zebaki iliyowahi kuhusika na silaha hizi ni ile ya kwenye unga wa fataki, fulmineti ya zebaki, na fataki yenyewe ni kikofia cha shaba kidogo kama punje ya mahindi, ikishalia imeisha. Sasa huyo bwana wa milioni tatu angalia anavyokwenda, hajauliza alama, hajauliza urefu, anataka ufunguliwe kwanza. Hatua inayofuata utaambiwa kuna kipimo cha kununua, au dawa, au nauli ya mtaalamu kutoka Dar, na hela hiyo itatoka kwako.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, na hapa ndio nilifurahi kweli, maana mitutu mingi inayoletwa haina alama hata moja na wewe wako unazo mbili zinazosomeka.

Yai lenye ELG ni alama ya nyumba ya kupimia silaha ya Liège, mji wa Ubelgiji ambao karne ya 19 ulikuwa unatoa bunduki kwa wingi kuliko karibu mji wowote Ulaya, za jeshi, za mabwana, na zaidi za rahisi za kupeleka Afrika. Mtutu ulikuwa unajazwa baruti nyingi kuliko kawaida na kufyatuliwa, ukipasuka unarudi kwa fundi, ukipona unagongwa muhuri. Muhuri huu wa yai ulianza mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za Napoleon, na mwaka 1893 wakauongezea taji juu yake. Kwenye picha yako juu ya yai hamna taji, pako wazi. Kwaiyo tayari tumeshajua mtutu ni wa kabla ya 1893.

Alafu lile taji la pembeni. Jirani yako ameliona akasema Kaiza, wengine wangeliona wangesema Malkia wa Uingereza, na simlaumu kwa sababu Wajerumani nao wana alama za taji juu ya herufi, wana taji juu ya U kwa mfano, lakini hizo zinatokana na sheria yao ya kupima mitutu ya mwaka 1891. Taji lako liko pembeni ya yai la Liège, ni saini ya mkaguzi. Kila mkaguzi wa pale alikuwa na herufi yake, na kati ya 1853 na 1877 herufi hiyo ilikuwa inakaa chini ya taji, baada ya 1877 wakaondoa taji wakaweka nyota. Kwaiyo kama unachokiona kweli ni taji na sio nyota iliyolika, mtutu wako umepita mikononi mwa mkaguzi S kati ya 1853 na 1877. Hii ndio sehemu ambayo picha moja nzuri itaamua mambo mengi, ntakwambia mwishoni upige vipi.

Na Mjerumani? Wissmann, kamanda wao, alifika Mpwapwa akaweka boma 1889. Mtutu wako wakati huo ulishakuwa na umri wa miaka 12 kwa uchache, na kuna uwezekano mkubwa ulishafika Ugogo zamani.

Njoo kwenye lile tundu. Bastola ya gumegume, ile ya jiwe linalopiga chuma na kutoa cheche, tundu lake la pembeni ni dogo sana, milimita mbili hivi, cheche zinawasha baruti ya kisahani na moto unapenya ndani. Fataki ilikuja baadaye, Forsyth, mchungaji wa Scotland, alipata hataza ya kuwasha kwa unga wa kulipuka mwaka 1807, na vikofia vya shaba vikaenea kuanzia miaka ya 1820. Njia ya rahisi ya kumgeuza gumegume awe wa fataki ni kutoboa lile tundu liwe kubwa, kukata nyuzi, na kufunga kipipa kidogo cha chuma chenye kifa juu yake, yaani kichuchu chenye tundu, fataki inakaa pale, nyundo inashuka. Hicho ndicho kilichokuwa kwenye tundu lako, kipipa kimedondoka au kimeng'olewa, nyuzi zimebaki. Liège walikuwa wanauza Afrika za gumegume kwa muda mrefu hata wao wenyewe walishaacha kuzitumia, sababu yake ina akili, fataki zikiisha huku porini unakuwa na rungu, lakini jiwe unaliokota. Kwaiyo mtutu wako unaweza kuwa umeanza na gumegume ukageuzwa baadaye. Tazama kuzunguka tundu: kama pameparwa na tupa pakawa na bonde, au tundu limekaa kombo limeuma ukingo wa ule upande wa pembe nane, ni kazi ya kugeuza. Kama limekaa katikati safi na chuma hakijaguswa, ulizaliwa hivyo.

Swali gumu kuliko yote ni hili, na wengi hawaliulizi: je ni mtutu wa bastola kweli, au ni gobore refu lililokatwa?

Nakuuliza kwa sababu bastola hazikuwa nyingi huku. Ripoti ya konseli wa Uingereza Zanzibar mwaka 1888 ilikadiria silaha zinazoingia kupitia pale kuwa 80,000 mpaka 100,000 kwa mwaka, na nyingi ni ndefu, za wapagazi na askari wa misafara, za kuwinda tembo, za kina Mirambo na rugaruga wake. Bastola ilikuwa ya kiunoni kwa mkuu wa msafara au tajiri. Njia yenyewe ilipita hapohapo kwenu, ukitoka Bagamoyo unafika Mpwapwa, mahali pa maji na chakula, unapumzika kabla ya kukatisha Marenga Mkali ambako maji ni ya shida, alafu unaingia Ugogo kulipa hongo kwa kila mtemi mpaka Unyanyembe, huko Tabora. Katika wasafiri wa Kizungu Stanley alipita 1871, Burton na Speke walishakatisha Ugogo kabla yake 1857. Mpwapwa palikuwa kituo, na kwenye kituo vitu vinabadilishana mikono, kitu kilichoharibika kinauzwa rahisi na mhunzi anakifanyia kazi. Gobore lililopasuka mdomoni lilikuwa linakatwa sehemu mbovu, linabaki fupi, linaendelea na maisha. Nimeona yaliyokatwa mara mbili.

Utajuaje. Kwanza mdomo. Mtutu wa bastola wa kiwandani mdomo wake umemalizwa, ukingo wa ndani umelainishwa, mara nyingi juu kuna kidonge kidogo cha kulengea au alama ya pale kilipokuwa. Uliokatwa mdomo ni bapa, ukingo ni mkali, na ukiuinamisha kwenye mwanga unaona mikwaruzo ya msumeno au tupa inaenda upande mmoja. Pili unene wa chuma. Pima kwa kalipa, fundi pikipiki yeyote hapo anayo. Bastola inapungua haraka, nyuma nene na mdomoni chuma chembamba, kama milimita mbili tu kuzunguka. Gobore lililokatwa sentimita 23 tu kutoka nyuma bado lina nyama pale lilipokatwa, milimita nne au zaidi. Tatu, geuza uangalie tumboni. Kuna vishikio vidogo vyenye tundu, pini zilikuwa zinapita hapo kushika mtutu kwenye mbao. Bastola ina kimoja au viwili vilivyopangwa vizuri ndani ya huo urefu, gobore lililokatwa unaweza kukuta kishikio kimoja kimekaa karibu kabisa na mdomo bila mpango, au kishina chake kimekatwa nusu.

Kwa picha ulizotuma, ya mdomo ni giza. Ila ule mgeuko wa pande nane kwenda mviringo unaanza karibu katikati, na hiyo inanivutia kusema bastola, kwa sababu kwenye bunduki ndefu pande nane mara nyingi zinaendelea zaidi ya hapo kabla hazijaisha. Naegemea bastola, ila chukua vipimo.

Bomba la maji sio, hilo ondoa wasiwasi. Magobore ya kienyeji ya bomba au ya rodi ya steringi unene wake ni mmoja mwanzo mpaka mwisho, na hamna mhunzi wa porini aliyejisumbua kugonga muhuri wa Liège. Na zile bastola za mapambo zinazouzwa kwa watalii, zina shaba nyingi na maua, alama zake zimetoka pamoja na umbo kwenye kalibu, zimefifia zote kina kimoja na pembeni unaona vitundu vya mapovu. Zako zimegongwa kwa nyundo, upande mmoja wa yai umezama kuliko mwingine. Hiyo ni mkono wa mtu.

Haya, bei.

Mtutu peke yake ni kama kuuza chesisi ya bodaboda bila injini wala tairi, anayeutaka ni yule tu aliye na bastola inayokosa mtutu wa aina hiyo, na watu hao ni wachache na wako mbali. Kwenye minada ya Ulaya na Marekani mtutu wa Liège usio na jina la fundi, wenye kutu na mkia uliovunjika, unaenda kwa makumi ya dola. Bastola nzima ya biashara ya Liège ya miaka hiyo, mbao zipo, mtambo unafanya kazi, inaenda dola mia moja na kitu mpaka mia tatu nne kutegemea hali. Sasa milioni tatu ni zaidi ya dola elfu moja. Jiulize mtu gani mwenye akili zake atatoa elfu moja kwa kipande wakati nzima inapatikana kwa robo yake? Ndio maana nasema huyo hanunui mtutu. Na ukiupeleka kwa wa chuma chakavu nako, una uzito wa nusu kilo hivi, utapata hela ya soda, wataukatakata na habari yake imeishia hapo.

Kinachopandisha mitutu ni jina la fundi. Mtutu wenye John Manton au Durs Egg wa London, au Boutet wa Versailles, huo hata ukiwa peke yake watu wanashtuka. Hata majina nayo yanadanganya, jina la Lazarino Cominazzo wa Brescia lilikuwa linaandikwa na mafundi wa kila nchi kwenye mitutu ambayo familia hiyo haikuwahi kuiona, kwa sababu tu lilikuwa linauza. Wako hauna jina, na usimruhusu mtu akuongezee. Kitu kingine ni chuma cha kusuka, mtutu uliotengenezwa kwa mikanda ya chuma na chuma cha pua iliyosokotwa pamoja, una michirizi kama mawimbi. Picha zako sioni michirizi, ni chuma cha kawaida kilichokunjwa kuzunguka nondo na kuungwa kwa nyundo, ukitazama chini ya tumbo pengine utaona mstari wa kiungo umenyooka kwa urefu.

Kwaiyo thamani yako kwenye mnada wa nje ni ndogo. Thamani ya huku ni nyingine, mtutu wenye alama za miaka 1853 mpaka 1877, umetoka ndani ya tembe kwenye njia ya misafara, na bado una ngozi yake na familia inayojua tembe lilijengwa na nani. Mnada hauna hivyo vitu. Kwaiyo ngozi usiitupe! Naona kwenye picha imewekwa pembeni kama takataka. Andika kwenye daftari leo hii, wakati mama mdogo na wazee bado wana kumbukumbu: babu alizaliwa wapi, alikuwa mwindaji au mchungaji, baba yake alifanya nini, aliwahi kwenda pwani, nani alijenga tembe, kipande kilikuwa boriti ya upande gani. Kama mabaki ya tembe bado yamesimama piga picha kabla ya tofali kuanza kupangwa.

Alafu sheria, na hapa usinione nakutisha. Ziko mbili zinakuhusu. Ya kwanza ya udhibiti wa silaha na risasi, ya mwaka 2015, gobore kwetu ni silaha na usijipe moyo kwamba kipande bila mtambo hakihesabiki. Usipande nao basi kwenda Dodoma kuutafutia mteja, askari akikukuta nao kwenye begi maelezo ya tembe la babu hayatakusaidia papo hapo. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji kituoni, mtutu ubaki nyumbani, mueleze mmekuta nini na lini, mpeleke picha, wao watasema uletwe vipi. Polisi wamekuwa wakitangaza mara kadhaa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari na magobore ndio yanayojaa pale, sio jambo geni kwao. Omba waandike kwamba kuna alama za kale na kwamba familia inataka Idara ya Mambo ya Kale wauone kabla ya chochote, maana vinginevyo unaweza kuingia kwenye rundo moja na magobore ya bomba na kuteketezwa nayo.

Ya pili ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hiyo inahesabu kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863 kuwa mali ya kale inayolindwa, na huwezi kukifanyia biashara au kukitoa nje ya nchi bila kibali. Sasa rudi kwenye taji la mkaguzi: 1853 mpaka 1877. Mstari wa 1863 unapita katikati ya mtutu wako! Kama ni wa miaka kumi ya kwanza unalindwa moja kwa moja, kama ni wa baadaye ni mjadala, na hamna alama kwenye chuma hicho itakayokuambia 1862 au 1864. Ushauri wangu uuchukulie kama uko ndani ya sheria. Idara ya Mambo ya Kale iko Wizara ya Maliasili na Utalii, na wizara iko Mtumba, Dodoma, sio safari ya kwenda Dar. Mtu yeyote anayekwambia tumtumie mteja wa Ulaya kimyakimya kwa kifurushi, anakuingiza kwenye makosa mawili kwa mpigo, na yeye jina lake halitakuwepo kwenye karatasi yoyote.

Kama familia mnataka ubaki kwa jina la babu, zungumzeni habari ya kuukabidhi makumbusho kwa maandishi, uwe na kibao kinachosema umetoka wapi. Mimi ningependa kuuona Kwihara kule Tabora, kwenye nyumba ya Livingstone, mwisho wa kipande kile cha safari, lakini hayo ni mapenzi yangu tu, Makumbusho ya Taifa nao wana sehemu ya vitu hivi.

Usafi. Usipige msasa, usipige brashi ya waya, na grenda ndio kabisa usiitaje. Ile rangi ya kahawia iliyotulia ni ngozi ya chuma, ukiitoa unabaki na chuma cheupe kisicho na umri na alama zako mbili zinaondoka na vumbi, zenyewe zina kina cha unywele. Nimewahi kuletewa mtutu uliong'arishwa kama sufuria mpya, mwenyewe kafurahi, hamna herufi iliyobaki. Kama ufito umesema mtutu ni mtupu, pangusa kwa kitambaa laini chenye mafuta ya taa kidogo, acha siku nzima, pangusa tena, malizia na oili nyepesi ya cherehani. Ile skrubu ya nyuma iache ilivyo, haina kitu nyuma yake. Usiurudishe kwenye ngozi, ngozi inashika unyevu na chumvi, weka ngozi kwenye mfuko wa karatasi peke yake na mtutu kwenye kitambaa cha pamba kikavu.

Picha ninazotaka ni hizi. Alama: usimwagie flashi ya simu uso kwa uso, ingoje jioni jua likiwa chini au zima taa upige tochi kutoka ubavuni ikilala sambamba na chuma, herufi zitasimama zenyewe. Kama bado hazisomeki, weka karatasi nyembamba juu, sugua taratibu na penseli laini iliyolazwa, alafu piga picha ya karatasi. Nataka nione hiyo S vizuri na kitu kilicho juu yake, taji au nyota. Kisha mdomo ukitazamwa mbele kabisa na rula pembeni, ukishahakikisha ni mtupu, tumbo lote kuanzia nyuma mpaka mbele, na tundu kwa karibu. Chini ya tumbo karibu na nyuma angalia kama kuna tarakimu ndogo kama 16.8 au 17.1, Liège walikuwa na kawaida ya kugonga kipimo cha mdomo kwa milimita, ukiipata niandikie kama ilivyo bila kukadiria. Na vipimo vitatu vya kalipa, unene wa nje nyuma, katikati na mdomoni. Hivyo vitatu vikifika ndio ntakwambia kama babu alikuwa na bastola au gobore lililofupishwa.